Mahandaki ya Bigo: Kuhifadhi Si Kuabudu



Je, inamfaa Muislamu kutetea hifadhi ya mahali ambapo wengine hupafanyia matambiko? Nalileta swali hili kwa sababu ya Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga, Uganda. Hapo pana ngome ya udongo ya karne nyingi zilizopita: mahandaki na matuta yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 kwa jumla. Masimulizi huinasibisha na Wachwezi, na wapo wanaokwenda kuwaomba hadi leo. Tangu 1997 Uganda imeiweka katika orodha ya mahali inapopendekeza kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Wako watakaosema: pasawazishwe, palimwe. Hoja yao si nyepesi. Imesimuliwa kuwa Umar (R.A.) aliamuru ukatwe mti wa Hudaybiya, watu walipoanza kuuendea kuswali. Lakini Misri ilifunguliwa katika ukhalifa wa Umar huyo huyo, na mapiramidi ya Mafirauni yangali yamesimama. Naelewa kwamba aliwafungia waumini mlango wa shirki. Hakuazimia kufuta athari za waliotangulia. Mtume (S.A.W.) naye, akielekea Tabuk, alipita al-Hijr, makazi ya Thamud, akawakataza masahaba wasiingie ila wakiwa wanalia. Hatukusimuliwa kwamba aliamuru yabomolewe. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Tutatazama nini tukishasawazisha kila kitu?

Na ngome ya udongo ina udhaifu wake. Sisi wa Nyakarenzo, huku Rusizi, tunaujua. Katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na mvua za msimu mmoja hutosha kuifukia. Kwa hiyo nikiifikiria Bigo, simfikirii mtawala. Nawafikiria wachimbaji, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mahandaki ndiyo yanayowashuhudia. Jiwe likianguka huweza kuinuliwa. Tuta likishalimwa, limekwisha.

Anayeomba mizimu tumlinganie kwa hekima na mawaidha mema. Jembe halimfundishi mtu tawhidi. Ibada ni haki ya Allah peke yake, na athari za waja Wake ni amana mikononi mwetu.

Wallahu a'lam.