Salamu Maria na salamu za bibi wa barabarani

Redio Maria ya Tanzania ilianzia hapa Songea, mwaka 1996. Miaka ile redio ilikaa mezani au dirishani, na rozari ikianza, nyumba nzima ilisikia, pamoja na jirani aliyepita kuomba chumvi. Siku hizi redio imeingia kwenye simu, simu iko mfukoni, waya uko masikioni. Asubuhi, hata ile baridi ya Juni ikikaza, utamwona mtu anashuka kutoka Bombambili kwenda mjini, midomo inacheza. Anasali. Mwili umepata mazoezi, roho imepata chakula. Nani atalaumu?

Silaumu, ila nina swali. Mtu huyo anapishana na bibi mwenye mzigo wa kuni. Bibi anapunguza mwendo, anasubiri shikamoo. Haiji. Masikioni mwa yule mtu kuna Salamu Maria ya ishirini na tatu. Rozari nzima ina salamu 53 kwa Mama wa Yesu, na bibi hakupata hata moja. Je, sala hiyo imekamilika?

Kuna watakaosema: Mungu kwanza. Na wana hoja. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kanuni wanayoifuata, ya Mtakatifu Benedikto, inaamuru katika sura ya 43 kwamba kengele ya sala ikisikika, mtawa aache yote aliyoshika. Sura ya 50 inasema aliye safarini asiruke vipindi vya sala. Asali huko huko aliko. Kwa hiyo kusali njiani si mtindo wa vijana wa simu. Ni jambo la karne nyingi.

Lakini Kanuni hiyo hiyo, sura ya 53, inataka mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Na neno lake la kwanza kabisa linamtaka mtu asikilize. Mtawa wa safarini alisali huku masikio yake yako wazi. Jambo jipya kwetu si kutembea wala kusali, ni kuziba masikio.

Sasa tuseme ukweli, salamu za kwetu si fupi. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto, mama anaendeleaje? Ukijibu zote, Mfaranyaki unafika jua limeshawaka. Na mara nyingine ndani ya salamu kuna ugonjwa, kuna ada ya shule, kuna "mwanangu, nisaidie". Kuna mama ambaye kutwa nzima anaitwa na kila mtu. Nusu saa ile ya barabarani ndiyo pekee aliyo peke yake na Mungu. Kumwambia avue waya aanze tena kuitwa, si jambo dogo. Yesu mwenyewe aliwahi kuondoka alfajiri kwenda kusali mahali pasipo watu.

Ila alikwenda mahali pasipo watu. Barabara ya Songea ina watu. Anayetaka upweke ana haki ya kuutafuta, kanisani kabla ya misa au chumbani mlango ukifungwa. Akichagua barabara, amechagua pia waliomo.

Hapo ndipo naona zile shanga zina akili kuliko simu. Redio haikusubiri, ukisimama kuitikia, tendo limepita, nawe unaona umepoteza kitu. Shanga iko chini ya kidole gumba. Unatoa shikamoo, unasikia habari ya mguu wa bibi, unampa pole, unamshikia kuni kidogo kama njia ni moja. Ukirudi, shanga iko pale pale ulipoiacha.

Wale wawili wa Emau, kwenye Luka 24, walikuwa wanatembea na kuzungumza habari za Yesu, na mgeni akawakuta njiani akawauliza wanasemezana nini. Wangeweza kumpita, maana hawakumjua. Walisimama wakamjibu.