Mlango Ukijaa, Paa Lipo

Somo: Marko 2:1-12



Marko anatusimulia habari za mgonjwa wa kupooza aliyeletwa kwa Yesu akichukuliwa na watu wanne. Nyumba ilijaa, mlangoni hapapitiki. Hawakumrudisha kwao. Walipanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha. Yesu akaiona imani yao wale waliombeba.

Hapa Kakuma na Kalobeyei tunao vijana waliofika mlangoni. Wamemaliza kidato cha nne, sasa wamekaa tu. Chuo kikuu hapa Kenya kinataka wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na baada ya hapo kuna karo. Mwaka 2019 UNHCR ilisema ni wakimbizi 3 tu kati ya 100 waliofikia elimu ya juu. Lengo ni 15 kati ya 100 ifikapo 2030. Kijana peke yake hafiki. Anahitaji watu wanne.

Wa kwanza ni mzazi. Tusimwachie binti maji, kuni na wadogo zake mpaka usiku, kisha tukamuuliza mbona ameanguka. Tuangalie pia kama jina lake kwenye cheti linalingana na lile la UNHCR. Kama halilingani, tuanze kurekebisha mapema.

Wa pili ni mwalimu. Amweleze mwanafunzi mapema ni masomo gani yanayotakiwa kwa kazi anayoitamani.

Wa tatu ni kaka au dada aliyetangulia. Ufadhili wa DAFI ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na umepewa jina la Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi. Aliyewahi kujaza fomu hizo aketi na wadogo zake. Na tukumbuke: huduma za UNHCR ni bure. Anayedai pesa ili jina lipite, tusimpe.

Wa nne ni kanisa. Sadaka yetu ni ndogo, lakini inatosha nakala za vyeti, picha, na nauli ya kwenda kwenye usaili.

Na mlango ukijaa, paa lipo. Asiyepata C+ asiambiwe ameshindwa. Vyuo vya ufundi hupokea wenye alama za chini ya hapo: umeme, useremala, ushonaji, uashi. Bwana wetu aliitwa seremala, Paulo alishona mahema, na Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono (Kutoka 31:1-5). Kazi hiyo si ya waliobaki nyuma.

Majina ya wale wanne hayakuandikwa. Tunajua tu kwamba hakuna aliyeachia pembe yake, maana mmoja angeachia, mgonjwa angeanguka. Mwezi huu kila nyumba ijiulize: tumeshika pembe ya nani?

Mungu awabariki. Amina.