Cheo cha Kazi Hutoka Wapi?

Kijana akija kuposa, swali la kwanza huwa, "Mtoto wa nani?" na la pili, "Afanya kazi gani?" Jawabu likiwa "daktari" au "wakili", kahawa huletwa upesi. Likiwa "fundi wa mabomba", wazee hutazamana.

Wako watakaosema kwamba kufu ya kazi imo vitabuni. Kweli imo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ataja katika Minhaji kwamba muumishi, yaani yule atoaye watu damu kwa chuku, si kufu wa binti wa mshoni. Wala mshoni si kufu wa binti wa mfanya biashara. Lakini wanavyuoni waliipima kazi kwa desturi ya watu, ya kuitukuza au kuidharau. Na desturi hugeuka.

Mtazame mpasuaji, ambaye ni jirani wa huyo muumishi. Mjini London, mwaka 1540, wapasuaji na vinyozi walitiwa katika chama kimoja, na mpasuaji akahesabiwa mtu wa kazi ya mikono, chini ya tabibu aliyesoma chuo kikuu. Mwaka 1745 wakaachana na vinyozi. Mwaka 1800 wakapata hati ya mfalme ya chuo chao wenyewe. Hata leo mpasuaji wa Uingereza huitwa "Bwana", si "Daktari", naye huliona jina hilo kuwa fahari. Alama ya unyonge imekuwa taji!

Ni nini kilichomwinua? Si hati peke yake. Ni mafunzo, na mtihani, na lile daftari la mwaka 1858 ambalo mwenye kufanya aibu aweza kufutwa jina lake. Haya si mageni kwetu. Wanahistoria wasimulia kwamba mwaka 931, mgonjwa alipokufa Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru asitibu mtu yeyote ila atahiniwe kwanza na Sinan bin Thabit. Cheo kilitokana na kumwogopea mgonjwa.

Ajabu ni kwamba kilichowekwa kwa ajili ya mgonjwa, mwenyewe hukivaa kama nasaba. Huitwa "Daktari" kazini, nyumbani na harusini, na siku astaafupo hajijui ni nani. Al-Khassaf, mwanachuoni wa fiqhi wa karne ya 9, ambaye kitabu chake cha wakfu ni mashuhuri, alikula kwa kushona viatu, na jina lake ndilo hilo: mshona viatu. Hakulificha, wala wanafunzi wake hawakumpima kwalo.

Na yule kijana wa mabomba angali barazani, kahawa yake haijaletwa. Mbona hajaulizwa kama huswali, kama hulipa madeni yake, na kama bomba alilolitengeneza kwa jirani mwezi uliopita lavuja?