Biashara ya Akili Unde na Haki ya Kuuliza

Waswahili hutuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Onyo hilo humfaa mnunuzi mwenye fedha zake mkononi. Lakini je, lamfaa nini yule ambaye gunia limenunuliwa na wengine, naye ndiye atakayeishi na mbuzi huyo?

Tarehe 23 Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuhimiza uuzaji wa akili unde ya nchi yake katika mataifa ya nje. Amri hiyo yataka iuzwe kwa fungu kamili lenye mambo matano: mitambo, data, programu zenyewe, ulinzi wake, na matumizi yake katika kazi kama elimu, afya na kilimo. China haikungojea: mwaka 2019 Polisi ya Uganda ilithibitisha kununua kutoka Huawei kamera zenye uwezo wa kutambua nyuso, kwa dola milioni 126. Kuuza si dhambi, wala kununua si ujinga. Swali la maadili liko kwingine.

Tuitazame Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, si mbali na Mbarara. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR ziliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Sababu ilikuwa ya haki, maana idadi ilikuwa imetiwa chumvi. Hesabu ikashuka kutoka milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi. Hapana shaka mashine ilitenda jema.

Hata hivyo, mama aliyekimbia vita Kongo angeweza kusema, "Jicho langu sitoi"? Mnunuzi wa matoke sokoni Mbarara asiporidhika huenda kibanda cha pili. Mkimbizi hana kibanda cha pili. Ridhaa isiyo na njia ya kukataa ni ridhaa ya jina tu. Kwa hiyo, kadiri mtu anavyokosa uwezo wa kukataa, ndivyo mwuzaji na mnunuzi wanavyozidi kuwajibika kwake.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa haulizi upawa ulichongwa wapi. Ni kweli, njaa haina subira. Lakini upawa hauamui nani ale. Mashine yaweza kupewa kazi hiyo. Nayo ikikosea, aliyeiunda ng'ambo hatajua, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data humpa mtu haki ya kujua habari zake zilizohifadhiwa, na haki mbele ya maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na Nakivale husema Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali. Haki usiyoweza kuitamka huwezi kuidai.

Hapo ndipo kazi yetu walimu ilipo. Tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza kwa Kiswahili sanifu: Mashine hii yajua nini juu yangu? Ikikosea, nimwendee nani? Na wauzao mambo matano waongeze la sita: mtu wa kujibu, aliye karibu, kwa lugha ya mwulizaji. Bila huyo, fungu lao halijakamilika.