Rangi Mbili Kwenye Maji ya Kuku

Mjukuu wangu, kaa hapa mkekani. Sikukuita nikugombeze, nguvu za kugomba zimeniishia. Asubuhi nimeokota maganda manne ya kapsuli kando ya chombo cha maji ya kuku, nusu nyekundu, nusu manjano. Ni zile zile unazomtuma mdogo wako dukani, mbili mbili, zikafungwa kwenye kipande cha gazeti, kila tumbo lako likinguruma.

Nimefanya kazi ya maabara pande zote mbili za mpaka huu wa Busia, na neno hili nimelisema mpaka limenichosha mwenyewe. Hapa Masinya ukiumwa tumbo na homa, jina la ugonjwa liko tayari: taifodi. Unatolewa damu kidogo, inachanganywa na dawa, muda si muda unaambiwa unayo. Kipimo hicho cha Widal ni cha mwaka 1896, na husema ndiyo hata kwa aliyeugua zamani akapona. Wangapi nimewaona wakimeza dawa ya sipro kwa taifodi wasiyokuwa nayo!

Mdudu wa ugonjwa hujulikana kwa kuoteshwa. Unapaka choo cha mgonjwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unaiacha usiku kucha katika joto la mwili. Kuna sahani moja nyekundu ambayo Salmonella, mdudu wa ukoo wa taifodi, huota juu yake akiwa na kiini cheusi, kama jicho la dagaa. Ukishamtambua unamwotesha tena, unamwekea vijikaratasi vyenye dawa. Dawa inayomweza huacha duara safi pembeni yake. Isiyomweza, huiotea mpaka ukingoni. Sahani moja bado naiona: karatasi sita, na mdudu amezizingira zote kama magugu. Kazi hiyo huchukua siku tatu hivi. Najua, nani ana siku tatu, na boda inangoja nje?

Usidhani ni hadithi za mzee. Siaya, si mbali na hapa, wataalamu wamemkuta Salmonella ndani ya damu ya watoto, asiyesikia ampisilini, wala kloramfenikoli, wala Septrin. Dawa hizo ndizo zilizotulea sisi.

Kapsuli mbili huua wanyonge, wakali wakaachiwa shamba zima. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu hilo mwaka 1945, mimi sijazaliwa. Tena mdudu mkali si mchoyo: siri ya kuishinda dawa humgawia jirani, hata asiye wa ukoo wake. Wakigawana ndani ya utumbo wa kuku, wewe unamchinja, unampasua, kisha kisu hicho hicho unakatia nyanya za kachumbari.

Na hao kuku wako wanaosinzia shingo zimepinda, mimi nahofia ni mdondo. Mdondo ni kirusi. Hata ungewamiminia duka zima la dawa, kirusi hakijali. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kuku wakiwa wazima. Mwite daktari wa mifugo awaone. Nawe tumbo likikuharisha, anza na maji ya ORS, ukiona damu au homa kali nenda hospitali.

Chombo kile kioshe sasa hivi. Mayai ya wiki hii usiyapeleke sokoni Busia, na yule jogoo uliyemtengea wageni wa Jumapili, mwache kwanza.