Huruma ya Sherlock Holmes

Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Uingereza, alitunga hadithi nyingi fupi za jinai. Katika moja yao, iliyotoka mwaka 1892, mpelelezi wake Sherlock Holmes afanya jambo la kutatanisha: mwizi yu mikononi mwake, ushahidi anao, naye amfungulia mlango aende zake.

Mwizi huyo ni James Ryder, mtumishi mkuu wa hoteli. Aliiba johari ya buluu ya mwanamke tajiri aliyepanga hapo, akamlisha bata bukini ili ifichike tumboni. Na shuku akaielekeza kwa John Horner, fundi bomba, kwa sababu Horner alikwisha kuhukumiwa zamani kwa wizi. Alipobanwa, Ryder alipiga magoti, akalia, akasihi baba yake na mama yake wafikiriwe. Holmes hakulainika upesi. Alimkemea kwamba sasa ajua kunyenyekea, lakini hakumfikiria Horner maskini, aliyesimamishwa kizimbani kwa kosa asilolijua.

Basi Holmes ni mtu wa namna gani? Wanafunzi wengi hujibu kwa neno moja, “mwenye huruma”, wakafunga daftari. Natuzitazame sababu alizozitoa mwenyewe. Ya kwanza, kifungo kingemfanya Ryder kuwa mhalifu wa maisha. Ya pili, zilikuwa siku za Krismasi, majira ya kusameheana. Ya tatu, yeye hakuajiriwa na polisi kuwazibia mapengo yao. Hii ya mwisho haina huruma hata chembe. Ni majivuno matupu. Hata hivyo majivuno hayo hayaifuti huruma iliyotangulia. Mlango uliofunguliwa ni mmoja, na mkono ulioufungua uliongozwa na yote mawili.

Msomaji wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, hahitaji kuambiwa jinsi sauti ya “Mwizi!” inavyoweza kuenea sokoni, wala jinsi umati unavyoweza kutoa hukumu kwa mawe kabla askari hajafika. Mbele ya umati wa namna hiyo mimi ningemtaka Holmes, na kiburi chake chote.

Lakini Horner je? Ryder mwenyewe ndiye aliyependekeza kukimbia nchi, ili kesi ikose shahidi na kuanguka, na Holmes aliridhika na hilo. Ni hesabu ya mtu mwerevu, ila kesi kuanguka si sawa na mtu kutangazwa kuwa hakutenda. Horner, aliyezimia mahakamani hata akachukuliwa nje, atarudi kwa jirani zake akiwa na kosa lake la kale na hili jipya lisilosafishwa. Siku kitu kitakapopotea tena mtaani, macho yatamgeukia nani kwanza? Holmes alilisamehe kosa alilotendewa mtu mwingine, wala hakupita gerezani kumwuliza mtu huyo.