Nani Alikwambia?

Kuna swali linalotusumbua rohoni, nasi twataka kuliwaza pamoja nanyi: mtu anayerudia uwongo bila kujua kwamba ni uwongo, je, ana kosa?

Hapa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, Wakristo na Waislamu tunakaa ua kwa ua. Tunaombana moto na chumvi, tunakwenda matangani pamoja. Siku moja rafiki wa mji mwingine alitupelekea katika simu sauti ya mtu tusiyemjua. Sauti ilisema kwamba vijana wa msikiti fulani wamekula kiapo kuwazuia Wakristo wasizike wafu wao. Tulishikwa na hasira, na papo hapo tukawapelekea watu watano. Kabla ya jua kuchwa, sokoni wengine walikuwa hawasalimiani tena.

Jioni jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuja kukaa barazani petu kama desturi yake. Hakugomba hata kidogo. Aliuliza tu: «Katekista, nani alikwambia? Naye alisikia kwa nani?» Hatukuwa na jibu. Baadaye ilijulikana kwamba habari ile si kweli.

Swali la mwalimu yule ni la kale sana kwa Waislamu. Wataalamu waliokusanya Hadithi za Mtume Muhammad, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakupokea neno kwa sababu ni tamu. Walidai isnadi, yaani majina ya wapokezi: fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Mmoja wao akionekana mwongo au msahaulifu, habari yote ilidhoofika.

Kisha vyombo vya habari vikabadilika. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin Mazrui alianzisha gazeti Al-Islah huko Mombasa. Aliyetaka kulipinga neno lake alijua amtafute wapi. Mwaka 1953 redio ya Sauti ya Waarabu ilianza kusema kutoka Cairo, ikawafikia hata wasiojua kusoma. Wengi walifurahi, maana waliisikia lugha yao ikiwakemea wakoloni. Lakini tarehe 5 Juni 1967, wakati ndege za vita za Misri zilipokuwa zikiungua viwanjani, redio ile ilitangaza ushindi. Watu waliimba barabarani. Baada ya siku chache walijua kweli, na imani yao kwa redio ikavunjika. Mwaka 1996 televisheni ya Al Jazeera ilianza huko Qatar, na Waarabu wakaona watu wao wakibishana waziwazi. Mwaka 2011 vijana wa Tunisia na Misri walipeana habari kwa simu, hata serikali ya Misri ikakata intaneti mwishoni mwa Januari.

Tusiseme kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Kila chombo kipya kilifungua mlango ambao wakubwa walikuwa wameufunga. Lakini tazameni: gazeti lilikuwa na jina la mwenyewe, na redio pia ilikuwa na jina. Sauti iliyotujia katika simu haikuwa na jina lo lote. Kumbe jina pekee lililokuwa juu yake ni letu sisi tulioipeleka.

Mji wetu wenyewe una fundisho juu ya jambo hili. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbe, mfanyi biashara, waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe. Wengi walikufa majini wakikimbilia mitumbwi. Livingstone alikuwako. Alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti la zamani la Uingereza kwa wino wa matunda ya miti. Aliandika yale aliyoyaona, na hesabu ya waliokufa, kati ya 330 na 400, alisema ni ya Waarabu wenyewe. Huo ndio ushuhuda: hili nimeliona, lile nimeambiwa na fulani. Walakini mwaka 2011 wataalamu walipofaulu kuyasoma maandiko yale yaliyofifia, waligundua kwamba alipoyanakili baadaye alibadilisha mambo kadhaa. Basi, hata shahidi aliyekuwako yafaa aulizwe.

Mwingine atasema: «Je, nikiona hatari, ningoje uhakika hata watu wafe?» La. Mtu akisikia kwamba mto unafurika, awaonye jirani zake. Lakini aseme: «Nimesikia kwa fulani, mwenyewe sijaona.» Maneno hayo machache hayamchelewesha mtu kukimbia, nayo yanamwachia msikilizaji akili yake. Tena, onyo juu ya mto halimchafulii mtu jina. Habari inayochafua jina la jirani inataka uangalifu mkubwa zaidi.

Basi, swali letu la kwanza tulijibuje? Twaona kwamba kosa lipo. Ni kweli, hatukujua kwamba habari ile ni uwongo. Lakini jambo moja tulilijua vema: kwamba hatujui. Tukaipeleka kana kwamba tunajua. Wale watano hawakuisadiki ile sauti ya mgeni, walitusadiki sisi, wakisema: imetoka kwa katekista. Uwongo juu ya msikiti ulikuwa wa mtu mwingine. Uwongo kwamba sisi tu mashahidi ulikuwa wetu.

Kesho yake tulizunguka nyumba zote tano kwa miguu, tukakiri kosa letu. Watatu walishukuru. Wawili walisema wamekwisha kuipeleka mbele, hata hawakumbuki kwa nani. Maji yakimwagika hayazoleki. Huenda sauti ile ingali inatembea mahali fulani, na katika safari yake tumo na sisi.

Jirani yetu angali anakuja barazani jioni. Hajalitaja tena jambo lile. Lakini tukianza kusimulia habari yo yote, hunyamaza kidogo akitutazama, nasi tunajua anachongoja. Tunaanza tena, safari hii kwa jina la aliyetuambia. Na kama jina hatuna, tunazungumza juu ya mihogo.